Mate ya Kokoo

Nilikuwa nimekaa safu ya pili, Kisilu wa bodaboda upande huu na Margaret mwenye duka la maziwa upande ule, wakati nyanya yangu alipogeuzwa shetani mbele ya Kitengela nzima.

Nieleze vizuri, kwa sababu kila mtu anaeleza anavyotaka.

"Mvua ya Chuma" ni sinema iliyopigwa huku kwetu na kijana anayeitwa Ezra, mtoto wa Kajiado mjini, aliyesomea mambo ya kamera Nairobi. Katika sehemu ya kwanza mvua inakataa, na badala ya maji vinaanguka vyuma kutoka angani. Vyuma vinaota miguu, vinatembea hadi visimani, vinakunywa maji yote. Msichana mchungaji anayeitwa Nalotu anagundua kwamba vyuma haviwezi kuvumilia mlio wa kengele za ng'ombe. Anakusanya kengele boma kwa boma, anavipigia mpaka vinapasuka. Nalotu ni mimi. Ezra alinikuta nikipimia watu maziwa kwa duka la Margaret, akasimama, akaniangalia, akasema niko na uso wa mtu anayengoja kitu. Sikujua kama ni sifa au ni matusi. Nilikuwa nangoja arudishe chupa.

Tulipiga nyingi ya picha hizo Oltepesi, kwa Kokoo, mama ya mama yangu, aliyenilea. Siku ya mimi kupigana na vyuma, ambavyo vilikuwa vijana wawili ndani ya mapipa, Kokoo aliniita kando. Hakuna aliyemtuma. Aliona mjukuu wake anaenda kwa kazi asiyoielewa, akafanya kile ambacho angefanya kama ningekuwa naenda kuolewa au kujifungua. Alichukua kibuyu cha maziwa na nyasi mbichi, akanitemea mate yenye maziwa kwa paji la uso na viganjani, huku akiniombea. Wazee waliokuja kushangaa kamera waliacha kushangaa, wakajibu kila ombi kama inavyojibiwa kwetu Wamaasai: "Naai!", yaani Ee Mungu. Ezra aliuliza kama anaweza kupiga hiyo pia. Kokoo akasema baraka si kitu cha kuficha.

Ndiyo sehemu watu waliyoipenda kuliko hata vita. Akina mama walikuwa wanatoka Kitengela mpaka Oltepesi na watoto wachanga mgongoni ili watemewe na yule nyanya wa sinema. Kokoo alifurahi. Alisema sasa ana wajukuu wa makabila yote.

Halafu ikaja sehemu ya pili.

Tuliipiga vipande vipande. Ezra alikuwa anatupa maneno ya siku hiyo tu, asubuhi, ili hadithi isivuje. Hata mimi, staring, shujaa mwenyewe wa sinema, sikujua hadithi inaenda wapi. Unaambiwa simama hapa, lia. Simama pale, kasirika. Umekasirikia nani? Utajua ukiona.

Kwa hivyo niliona pamoja na wengine wote. Nalotu anarudi nyumbani, anakuta vyuma vimerudi vingi zaidi, na mara hii kengele hazivisumbui. Kuna mtu amevifundisha. Nani? Watu wakanyoosha shingo. Halafu ikatokea ile picha ya Kokoo ananibariki. Ile ile, ya kibuyu na nyasi. Lakini macho yake yalikuwa yamewekwa taa ya bluu. Maziwa yalimetameta kama kitu cha sumu. Sauti yake ilikuwa imetolewa, na zile Naai za wazee pia, na mahali pake kuwekwa sauti nene ya mtambo, na chini ya picha kukaandikwa: "Kunywa, mtoto wangu. Ni mimi niliyewaita. Sasa wewe ni wetu."

Nusu ya ukumbi waliruka juu ya viti.

"Aaai! Ametuweza!"

"Nyanya ndiye malkia! Nilijua! Si nilisema?"

"Hukusema kitu, nyamaza!"

Kisilu alikuwa amesimama, vidole mdomoni, anapiga mluzi. Nusu nyingine walikaa tu, kama watu waliomwagiwa maji. Halafu sauti ya mama mmoja kutoka nyuma: "Wewe kijana, huyo mama mzee umemfanya nini?"

"Kaa chini, mathe, ni muvi!"

"Muvi ya nyanya yako!"

Chupa ya soda ilipita juu ya kichwa changu. Nilitoka nje kabla haijaanguka. Mwisho sikuuona, na wiki hiyo yote kila aliyetaka kunisimulia nilimkataza.

Asubuhi yake nilimfuata Ezra. Alikuwa kwa duka la Mohamednur, mfanyabiashara wa redio na spika, ambaye projekta ni yake. Ezra alikuwa ameinamia simu, anacheka peke yake.

"Resian! Umeona vile wanagombana? Wengine wanasema mimi ni moto, wengine wanataka nichapwe. Njoo usome hii."

"Mtoe Kokoo."

"Nimtoe wapi?"

"Kwa sinema. Kata hapo, weka mtu mwingine. Weka hata mimi nikiwa na macho ya bluu."

Alicheka tena, lakini kidogo. "Siz, hiyo ndiyo shingo ya hadithi. Ukiikata, inabaki nini? Vyuma na mapipa. Sikiza, watu wakikubaliana wote, sinema wameisahau kabla chai haijapoa. Wakigawanyika, inaishi."

"Ezra, nyanya yako alikutemea ulipokuwa mdogo?"

"Kila mtu alitemewa."

"Kwa hivyo ulijua ile ni nini."

Hapo aligeuza simu kifudifudi. Na ndipo hasira yangu, ambayo ilikuwa imesimama mlangoni tangu jana, iliingia ndani ikakaa. Angekuwa mtu wa mbali aliyeona tu bibi mzee na kibuyu, ningesema hajui. Huyu alijua. Alijua nguvu ya kitu kile, na ndiyo sababu alikichukua.

"Ni hadithi tu," akasema. "Na Jumamosi tunaipeleka Oltepesi, siku ya soko. Kila mtu anaingoja."

Niliangalia Mohamednur. Alikuwa anafuta vumbi kwa spika isiyo na vumbi.

"Dada, mimi ni wa mashine," akasema. "Lakini walahi, hapo pa mama mimi nilifunga macho."

"Kama ulifunga macho, kwa nini mashine hukufunga?"

Aliendelea kufuta.

Kwa duka la maziwa mambo hayakuwa afadhali. Kisilu alikuja na kipande hicho kwa simu, ameshakitumia kwa kila mtu.

"Staring wetu! Mbona umekunja uso? Kanuni ni moja, staring hafi. Na hujafa. Sasa unalilia nini?"

"Analilia nyanya yake," Margaret akamwambia. "Ungekuwa wako?"

"Wangu ningemtafutia ajenti! Mama Margaret, tangu lini sinema imekuwa kanisa? Hadithi lazima igeuke. Ingekuwa inaenda moja kwa moja, si ungeangalia tu lami ya Namanga?"

"Igeuke, lakini si juu ya mgongo wa mtu aliye hai. Yule ni mtu. Ana mlango, watu wanapita hapo wakimsalimia."

"Wataendelea kupita. Watu si wajinga."

Nilimpimia maziwa yake. Nilitamani kumwaga yote kwa kofia yake ya pikipiki. Nilifunga mfuniko, nikamkabidhi. Mimi huwa nangoja kwanza nione. Watu si wajinga, amesema. Basi nikaenda kuona.

Ijumaa nilifika Oltepesi jua likiwa bado juu. Kokoo alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, amenyoosha miguu. Niliinamisha kichwa, akanigusa utosini kwa kiganja, akaniuliza ng'ombe, akaniuliza kikohozi cha Margaret. Mkono wake ulinukia sabuni ya kufulia. Sikuizoea harufu hiyo. Mkono wa Kokoo siku zote unanukia ugoro.

"Ugoro uko wapi?"

"Nimeacha."

"Kokoo, wewe?"

Alipangusa viganja kwenye shuka. Watoto wa Florence, jirani, walikuwa wanarudi na mbuzi. Kwetu mtoto akipita karibu na mkubwa anasogea, anatoa kichwa aguswe, ndiyo salamu yake. Hawezi kupita hivi hivi kama kuku. Watoto wale watatu nimewaona wakigongana vichwa kugombania mkono wa Kokoo. Siku hiyo walipofika kwenye mti wa miiba walisimama, wakanong'ona, wakazunguka mbali. Mdogo alikimbia. Kokoo alikuwa ameshainua mkono. Alikaa nao hewani kidogo, halafu akaanza kujikuna nao sikio, kama kwamba aliuinulia hilo.

"Wamekuwa na haraka siku hizi," akasema. "Nilifikiri ni harufu ya ugoro. Watoto wa sasa wana pua. Nikaacha. Nanawa na sabuni ya Florence."

Niliinuka nikaenda kwa Florence. Nilitembea polepole ili nisifike na kelele. Hata hivyo nilifika nazo.

"Watoto wako wamemfanyia nini Kokoo?"

"Resian, takwenya kwanza. Tusalimiane."

"Iko," nikaitikia salamu. "Wamemfanyia nini?"

Florence ni mtu mwema. Ndiyo inayoniuma. Alimweka mtoto mchanga kwa ziwa lingine, akaangalia chini. "Mimi najua ni sinema. Lakini watoto hawajui. Na baba yao ameona kwa simu, akauliza: hayo macho yaliwekwaje, kama hayakuwa na mahali pa kukaa? Nikakosa jibu. Wewe unalo?"

"Ni kompyuta."

"Kompyuta," akasema, kama mtu anayeonja chumvi. "Huyu nilikuwa nimlete atemewe mwezi huu. Baba yake amesema tungoje kidogo."

"Mngoje nini?"

"Sijui. Tungoje tu."

Niliporudi nilimwambia Kokoo kila kitu. Nilimwambia kwa Maa, polepole, na neno la kompyuta likanishinda, nikasema wamempaka rangi machoni. Hakulia. Aliuliza kama ni kijana yule mrefu aliyekunywa chai yake vikombe vitatu. Nikasema ni yeye.

"Kesho nitaenda."

"Usiende, Kokoo. Nitaongea nao mimi."

"Wamesema niko ndani. Nitaenda nione ninafanya nini."

Ukumbi wa kanisa pale ni wa mabati, na madirisha yalikuwa yamezibwa na magunia ili picha ionekane mchana. Soko lote liliingia: wauza mbuzi, wauza shanga, vijana wa kutoka Kiserian na redio zao mfukoni. Kokoo aliketi mbele kwenye kiti cha plastiki, shuka lake jipya begani, nami pembeni yake. Ezra alipomwona alishtuka, nikaona. Alijipa shughuli na waya.

Hadithi ikaanza. Kokoo aliifuata vizuri kuliko nilivyofikiri. Vyuma viliporudi alipiga ulimi, tsk, akasema hivyo vilitakiwa kuzikwa mara ya kwanza. Watu wakacheka. Halafu ikafika pale.

Macho ya bluu. Sauti ya mtambo. Vijana wa nyuma wakapiga kelele ya furaha, wale waliokuwa wameshaona wakingoja wenzao washtuke. Lakini mbele, kwa wazee, kulikuwa na kimya cha aina nyingine. Walikuwa wanamwangalia yule wa kwenye shuka nyeupe ukutani, halafu wanamwangalia huyu wa kwenye kiti.

Kokoo alisimama. Si mrefu, lakini kivuli chake kiliziba nusu ya picha.

"Resian," akasema kwa Maa, kwa sauti ya kuita ng'ombe, "pale chini pameandikwa nini? Wanasema nimesema nini?"

Nikasoma kwa Kiswahili, halafu nikageuza kwa Maa, kila mtu asikie. Nimesoma mpaka darasa la nane tu, lakini siku hiyo sikukwama hata neno moja. Kunywa, mtoto wangu. Ni mimi niliyewaita. Sasa wewe ni wetu.

"Sikusema hivyo," Kokoo akasema.

"Shosh, toka kwa picha!" kijana mmoja akapiga kelele. "Tumetoka mbali!"

"Kaa chini wewe!" mzee mmoja akamgeukia na fimbo.

"Nilisema," Kokoo akaendelea, kama hakuna aliyeongea, "Mungu atembee mbele yako."

Halafu mzee mwenye fimbo: "Naai."

"Nilisema, mguu wako usikutane na mwiba."

"Naai." Sasa walikuwa wengi.

"Nilisema, ukirudi unikute, na nisipokuwepo uyakute maziwa yangu."

"Naai!" Mabati yalilia. Lakini si wote. Nyuma kuna waliopiga miluzi, na mmoja akasema kwa sauti kwamba sasa hii ndiyo sinema, na simu zikainuliwa, taa zake kama macho ya fisi. Florence alikuwa amesimama mlangoni na mtoto. Hakujibu Naai. Hakuondoka pia.

Picha ikazima. Mohamednur alikuwa amechomoa waya, anaushika mkononi kama nyoka.

Ezra alikuja mbele. Alikuwa anatoa jasho. "Kokoo, nisamehe, lakini ni hadithi. Watu wanajua ni hadithi. Katika hadithi mtu mwema anaweza kugeuka, ndiyo ladha yake. Si wewe yule."

Nikageuza kwa Maa. Kokoo alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie," akasema, "hadithi ni yako. Mate ni yangu. Nilimtemea mtoto wangu, si wewe. Toa mate yangu huko ndani."

Nilimwambia. Sikupunguza, wala sikuongeza. Sikuhitaji, alikuwa ameshaelewa kwa Maa.

Watu wote walikuwa wanaangalia. Ezra alifanya kitu ambacho nafikiri alikifanya kabla hajafikiri, kwa sababu amelelewa huku kama sisi. Alisogea, akainamisha kichwa, akampa Kokoo aguswe.

Kokoo aliingiza mkono ndani ya shuka.

Sijawahi kuona jambo hilo. Mzee mwenye fimbo alivuta pumzi. Ezra alibaki ameinama, kichwa kikingoja, na hakuna mtu wa kumsaidia. Mwishowe alikiinua mwenyewe. Uso wake ulikuwa wa mtoto. Nilitaka kumhurumia, nikatafuta huruma ndani yangu, nikakuta mahali pake pameketi watoto wa Florence wanaozunguka mti wa miiba.

"Nitaitoa," akasema.

"Kwa simu za watu je?" nikamuuliza. "Huko utaitoaje?"

Aliangalia zile simu zilizoinuliwa. Mohamednur akakohoa. "Sasa niwashe ama nisiwashe?"

Ukumbi ukapasuka mara mbili. Funga! Washa! Tumengoja wiki nzima! Hamna aibu! Mwenye mbuzi mmoja akasema washa, lakini pale pa mama paruke, na neno hilo likapata wengi. Wazee wakaanza kutoka. Vijana wakasogea mbele kwenye viti vilivyoachwa.

Nilimshika Kokoo mkono tukatoka. Jua lilituchoma macho. Tulikuwa tumefika kwenye wauza shanga tuliposikia sauti ndani ya mabati, sauti ya mwanamke anayelia kwa hasira, inayopita spika zote za Mohamednur.

Kokoo alisimama. "Huyo anayepiga kelele ni nani?"

Niliijua sauti. Niliikumbuka pia siku tuliyoipiga picha hiyo. Ezra alikuwa amechomeka fimbo ardhini, ameifunga kitambaa chekundu, akaniambia niiangalie hiyo fimbo na niseme maneno yale kwa moyo wote. Niliuliza fimbo ni nani. Akasema utajua ukiona. Nikayasema kwa moyo wote. Niliyasema mpaka koo likauma, na wale vijana wa mapipa wakanipigia makofi.

"Ni mimi, Kokoo."

"Unasema nini?"

Ndani nilikuwa nayasema tena, na watu wanashangilia.

"Nasema nitakuua."

"Nani? Mimi?"

"Wewe."

Kokoo alitega sikio kidogo, kama anayesikiliza kama mtoto wake amesoma somo lake vizuri.

"Na unaniua?"

"Sijui," nikasema. "Mwisho hawakunionyesha."